Ticha Aliingia Darasani, Sawa. Lakini Kuna Mtu Ameuliza Kama Tulielewa?

Wasee, leo siongelei bei ya unga wala siasa za kaunti. Leo ni kitu ambacho kila mmoja wetu aliyepitia shule ya upili anakijua lakini hakisemi kwa sauti: unaweza kukaa darasani miaka minne, mbele ya mwalimu yule yule, wiki baada ya wiki, na usiulizwe kama unamwelewa.

Hata mara moja, manze.

Ukila chapo mbili na madondo pale karibu na stendi ya Machakos, mama wa kibanda anakuuliza kama chumvi imetosha. Ukishuka kwenye teksi uliyoita kwa simu, simu hiyo hiyo inakuuliza umpe dereva nyota ngapi. Ukipigia watu wa mtandao kwa sababu umetuma pesa kwa namba isiyo yako, ukikata tu unapata ujumbe: tumekuhudumia vipi, moja hadi kumi? Lakini somo la Kemia ulilosoma miaka minne, ukatoka na D kwenye cheti, hakuna aliyekuuliza ilikuwaje huko ndani.

Msimamo wangu ni huu, niuweke mapema ndio usinisome hadi mwisho ukishangaa nataka nini. Kila shule ya upili hapa Machakos, na Kenya nzima, iwape wanafunzi fomu fupi ya maoni kila muhula kuhusu jinsi wanavyofundishwa. Bila majina. Ijazwe na wanafunzi, isomwe na mwalimu mwenyewe, kisha arudi darasani aseme atabadilisha nini. Isitumike kumfuta mtu kazi. Nitaeleza kwa nini, halafu nitawajibu walimu, maana najua kuna wale mnaosoma hii mkiwa stafurumu saa hizi.

Rejista inajua saa tu

Tangu 2016, TSC ina mfumo wa kupima kazi ya walimu unaoitwa TPAD. Mwalimu anajipima mwenyewe, mkubwa wake hapo shuleni anampima, kuna siku mtu anakuja kukaa nyuma ya darasa kutazama kipindi, na mambo yote yanaishia kwenye mtandao wa tume. Walimu wengi hawaupendi. KNUT iliupinga, na ukiongea na mwalimu yeyote atakwambia habari ya makaratasi yasiyoisha.

Ndani ya mfumo huo wote, kuna mahali ambapo mwanafunzi anashika kalamu. Ni ile rejista ya vipindi. Katibu wa darasa anaandika somo lipi, mwalimu aliingia saa ngapi, alitoka saa ngapi, mwalimu anatia sahihi, rejista inapelekwa kwa dipti.

Sasa hebu tulia uiwaze hiyo kidogo. Mtoto wa miaka 15 ameaminiwa kuweka kwenye rekodi kama mtu mzima mwenye digirii amefika kazini. Hiyo si kazi ndogo. Lakini mtoto huyo huyo hajaaminiwa kusema kilichotokea baada ya mwalimu kufika. Rejista ina safu ya saa. Haina safu ya "tulielewa".

Na ile siku ya kukaguliwa tunaijua sote. Darasa linafagiliwa mara mbili. Ticha anakuja na chati ambayo hatujawahi kuiona, anatuweka kwenye makundi, anaita watu kwa jina la kwanza, anasema "jibu zuri" hadi mnatazamana. Somo linakuwa tamu kweli. Kesho yake chati imerudi stoo na sisi tumerudi kunakili noti.

Mkaguzi ameona dakika 40. Mwanafunzi ameona mwaka mzima. Ukitaka shahidi, utamwita nani?

Vitu ambavyo mwanafunzi pekee ndiye anavijua

Kuna swali moja maarufu sana katika shule za Kenya: "Tuko pamoja?" Na kuna jibu moja: "Ndiyooo!" Darasa zima, kwa sauti moja, kama kwaya. Hapo kuna watu watano wa mstari wa mbele ambao kweli wako pamoja. Wengine wanaimba tu ili kengele igonge.

Mwalimu akiwa pale mbele hawezi kujua hilo. Si kwamba ni mbaya. Kutoka pale alipo, darasa linasikika kama limeelewa.

Atasema, "Lakini mimi naona alama zao." Sawa. Tuchukue mada ya moli, Kemia ya Kidato cha 3, mahali ambapo ndoto nyingi za udaktari huzikwa kimya kimya. Mtihani unarudi, nusu ya darasa iko chini ya asilimia 30. Alama zimekwambia watu wameanguka. Hazijakwambia wameanguka wapi na kwa nini. Labda walipotea pale unapotoka gramu kwenda moli, kwa sababu hatua hiyo ulipita nayo mbio. Labda hesabu za uwiano hawakuzishika tangu darasa la chini, kwa hivyo shida si Kemia hata kidogo. Labda mliingia maabara mara moja tu muhula mzima, na mlikuwa kumi kwa birika moja la maabara. Hizo ni shida tatu tofauti na kila moja ina dawa yake. Ukitoa dawa bila kuuliza, utafanya kile ambacho hufanywa kila mara: kuongeza kipindi cha asubuhi, saa kumi na moja, na kurudia somo lile lile kwa njia ile ile, na darasa likiwa na usingizi.

Katika shule moja niliyosoma, tulikuwa na mwalimu wa Hesabu aliyekuwa anajua kazi yake kabisa. Shida ilikuwa moja. Alikuwa anaandika kwa herufi ndogo, na akifika chini ya ubao ndio zinakuwa ndogo zaidi. Sisi wa nyuma tulikuwa tunaona nusu ya swali. Mwaka mzima. Hakuna aliyesema, kwa sababu nani anainua mkono mbele ya watu hamsini kumwambia mtu mzima kwamba mwandiko wake hausomeki? Kwa hivyo tulijiambia sisi ni wajinga wa Hesabu. Wengine bado wanajiambia hivyo hadi leo, na ni watu wana biashara zao na wanapiga hesabu za faida kichwani bila kalamu.

Herufi ndogo. Kitu cha kurekebisha kwa sekunde mbili. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza na njia ya kujibu bila kuonekana.

"Lakini tuko na sanduku la maoni"

Ndiyo, mko nalo. Liko nje ya ofisi ya dipti. Limepigwa misumari ukutani mahali ambapo kila anayetumbukiza karatasi anaonekana na shule nzima, na ufunguo wa kufuli anao dipti. Mtu wangu, huo ni mtego.

Tuko pia na baraza la wanafunzi, na hilo nalipa heshima yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mwakilishi wa baraza la wanafunzi akae kwenye bodi ya shule. Wengi wenu mlimaliza shule bila kujua hiyo. Lakini fikiria hicho kikao. Mwanafunzi mmoja, sweta yake imekunjwa mikono, amezungukwa na watu wazima kumi na kitu. Ataongea juu ya maharagwe yenye wadudu, ataongea juu ya maji, ataomba siku ya burudani. Hatasimama kusema "hatumwelewi mwalimu wa Fizikia" huku mwakilishi wa walimu akiwa ameketi hapo. Hata mimi nisingesema.

Kwa hivyo mambo yanabaki tumboni. Na sisi watu wa Machakos tunajua vizuri kuliko wengi kwamba shule yenye mambo tumboni ni mahali pa hatari. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la shule ya Kyanguli lilichomwa na wavulana 67 wakafa. Kuna familia katika kaunti hii ambazo kila mwezi wa tatu bado ni matanga.

Nieleweke hapo. Sisemi fomu ya maoni ingezuia Kyanguli. Kuchoma watu wakiwa wamelala ni uhalifu, na malalamiko hayaufanyi kuwa kitu kingine. Ninachosema ni kwamba baada ya Kyanguli kukaundwa jopo, likiongozwa na Naomi Wangai. Fujo za 2008 zikaja, na baada yake mabaraza ya wanafunzi yakaanza kupewa nguvu. Mwaka wa 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa, jopo lingine likaundwa. Kila mara, miongoni mwa mambo yanayotajwa ni kwamba wanafunzi na usimamizi hawaongei.

Shule iliyozoea kuuliza vitu vidogo mapema, kama mwandiko na kasi ya somo, inasikia vitu vikubwa mapema pia. Watoto wanaojua wataulizwa wiki ijayo hawana haraka ya kupiga mayowe leo.

Wenzetu walijaribu, na si kila kitu kilienda sawa

Marekani kuna mtafiti wa Harvard anaitwa Ronald Ferguson aliyetengeneza hojaji ya wanafunzi inayojulikana kama Tripod. Haiulizi "unampenda mwalimu?" Inauliza vitu vinavyotendeka darasani: anaeleza kwa njia zaidi ya moja? Anakufanya ufikirie zaidi? Darasa lake lina utulivu? Halafu wakfu wa Gates ukaitumia katika utafiti mkubwa wa takriban walimu 3,000 ulioanza 2009, ukilinganisha majibu ya wanafunzi na jinsi wanafunzi wenyewe walivyopiga hatua kwenye mitihani.

Majibu yalikuwa na maana. Madarasa ambayo wanafunzi walisema yanafundishwa vizuri ndiyo yaliyopiga hatua zaidi. Na matokeo ya kwanza, yaliyotoka 2010, yalikuwa na kitu ambacho kingeshangaza stafurumu nyingi hapa kwetu: mambo yaliyoambatana zaidi na watoto kujifunza yalikuwa mawili, darasa lenye utulivu na mwalimu anayewasukuma. Hakukuwa na ushindi wa mwalimu mlegevu.

Sasa upande wa pili, ndio tusidanganyane. Vyuo vikuu vimekuwa na fomu za kupima wahadhiri kwa miaka mingi, na hapa Kenya vyuo vingi vinazo. Komredi yeyote atakwambia zinavyojazwa: mwisho wa muhula, mbio mbio, tiki zote safu moja, tusonge. Mwaka wa 2017 watafiti walikusanya tafiti nyingi za vyuo pamoja na hawakupata uhusiano wa maana kati ya alama ambazo wanafunzi huwapa wahadhiri na kiasi wanachojifunza. Kuna tafiti nyingine zilizoonyesha wahadhiri wanawake wakipewa alama za chini kwa kazi ile ile. Na 2018, katika mzozo wa chuo cha Ryerson kule Toronto, msuluhishi aliamua kwamba alama hizo zisitumike kupima ubora wa ufundishaji wakati wa kupandisha wahadhiri vyeo.

Kwa hivyo nani yuko sahihi? Wote. Tofauti iko kwenye kinachoulizwa na kinachofanyiwa majibu. Ukiuliza "mpe mwalimu alama," watu watapima uso, sauti, kabila, mavazi, na kama alikupa B. Ukiuliza "ukikwama, anaeleza kwa njia nyingine?" watu watakwambia wanachokiona kila Jumanne. Na ukiyageuza majibu kuwa fimbo ya kumchapa mwalimu, atajifunza kuwafurahisha wanafunzi badala ya kuwafundisha.

Na kabla mtu aseme hii ni mambo ya wazungu, tulikuwa na mbegu yake hapa hapa. Mwaka wa 1998 Kenya na Japani walianzisha mradi wa SMASSE wa kuboresha Hesabu na Sayansi. Ulianza na wilaya tisa za majaribio, na majirani zetu wa Makueni walikuwa ndani. Mwalimu alifundishwa mzunguko wa hatua nne: panga, fanya, tazama, boresha. Iangalie hatua ya tatu. Utatazamaje kama somo limeingia bila kumsikiliza yule lililokusudiwa kumwingia?

Kwa walimu: najua mnachotaka kusema

"Watatulipizia kisasi." Yuko atakayejaribu, sitakataa. Yule uliyemtoa nje Jumatatu kwa kupiga kelele ataandika kitu chenye pilipili. Lakini fomu ikiwa na maswali ya vitendo, mtu mmoja mwenye hasira katika darasa la 52 habadilishi chochote. Na kama 38 kati ya 52 wametia tiki kwamba wanaogopa kukuuliza swali, mwalimu wangu, hicho si kisasi. Hiyo ni habari.

"Watoto watapenda wale wa mchezo." Muulize mtu yeyote aliyemaliza shule ni mwalimu gani anamkumbuka kwa shukrani. Hakutajii yule aliyewaacha walale. Anakutajia yule mkali aliyekuwa anajua jina lako, aliyekurudishia kazi ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, aliyekataa jibu lako la uvivu. Wanafunzi wanajua tofauti kati ya ukali na kutojali. Hawana mahali pa kuiandika tu.

"TSC itatumia dhidi yetu." Hapa niko upande wenu kabisa. Mna TPAD tayari, mna madarasa ya watu sitini, na watu wanaokaa Nairobi wanaowalaumu kwa kila kitu. Ndiyo maana nasema karatasi hizo zibaki kwa mwalimu. Zisiende kwa dipti, zisiende kwa bodi, zisipakiwe popote. Siku zitakapoanza kutumwa juu, ndiyo siku wanafunzi watashinikizwa kuandika sifa na zoezi lote litakufa. Kitu pekee ambacho shule ifuatilie ni kama mwalimu aliuliza na kama alirudisha jibu darasani.

"Ni kukosa heshima." Hii ndiyo kubwa, hata kama haisemwi waziwazi. Tumelelewa kwamba mtoto hamkosoi mkubwa. Lakini hata susu akipika muthokoi anakuuliza kama umeshiba, na ukimwambia kwa adabu kwamba leo chumvi ilizidi kidogo, hakufukuzi kwake. Heshima iko kwenye namna ya kusema. Na mtu anajifunza namna ya kusema kwa kuulizwa, hawezi kuijifunza kwa kunyamazishwa miaka minne.

Kuna kesi moja ambayo fomu hii haihusiki nayo: mwalimu anayewapiga au kuwasumbua wanafunzi. Viboko ni marufuku kwa sheria, na unyanyasaji ni jinai. Hayo yanaripotiwa, hayajazwi kwenye fomu na kusubiri wiki. Tusichanganye.

Fomu yenyewe ikae vipi

Maswali matano, kila moja na majibu matatu: kila mara, mara kwa mara, karibu kamwe.

1. Nikikwama, mwalimu hueleza kwa njia nyingine.
2. Naweza kuuliza swali bila kuogopa kuchekwa au kugombezwa.
3. Kazi yangu hurudi mapema na naona nilipokosea.
4. Darasa huwa tulivu kiasi cha mtu kusoma.
5. Kipindi hiki hunifanya nifikirie, sinakili tu.

Chini yake sehemu tatu za kuandika. Kitu kimoja mwalimu aendelee nacho. Kitu kimoja abadilishe. Na mada moja ya muhula huu ambayo bado ni giza kwako.

Sheria zake ni chache. Ifanywe katikati ya muhula, wiki ya tano au ya sita. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana: ukiuliza wiki ya mwisho, unakusanya maoni ya watu ambao hayatawasaidia tena, na wao wanajua, ndiyo maana wanajaza ovyo. Iwe ya karatasi, kwa sababu simu haziruhusiwi shuleni na karatasi iliyokatwa nusu haimlazimu mtu kuingia na jina lake. Watu waandike kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane. Waandike kwa lugha yoyote: Kiswahili, Kiingereza, Kikamba, hata Sheng, maana lengo ni mwalimu aelewe, si kupima insha. Mwalimu atoke nje dakika kumi. Katibu wa darasa, yule yule anayejaza rejista, akusanye na azichanganye kabla ya kumpa.

Halafu inakuja sehemu ambayo ikikosekana afadhali msianze. Ndani ya wiki moja mwalimu asimame mbele ya darasa aseme sentensi tatu: hiki ndicho mmesema, hiki nitabadilisha, na hiki siwezi kubadilisha kwa sababu hii. Hata hiyo ya tatu ni sawa kabisa. "Siwezi kupunguza kasi kwa sababu silabasi lazima iishe Agosti, lakini Alhamisi baada ya masomo nitakaa dakika 30 na waliokwama kwenye moli." Mwanafunzi anayeambiwa hivyo amejua amesikika.

Na sisi wanafunzi tuna upande wetu. Hakuna matusi. Hakuna kuandika juu ya mwili wa mtu, kabila lake, viatu vyake wala ndoa yake. Ukiandika "ticha boring" hujasema kitu. Ukiandika "ukianza mada mpya unatoa mfano mmoja tu, tafadhali toa mitatu," umemsaidia mwalimu, umejisaidia, na umemsaidia yule aliyekaa kando yako akiogopa kusema.

Kwa nini sasa

Kwa sababu shule zimebadilika chini ya miguu yetu. Walioingia Kidato cha 1 mwaka wa 2024 ndio wa mwisho wa 8-4-4, na KCSE yao ya 2027 ndiyo inafunga ukurasa. Nyuma yao ni kundi la kwanza la CBC, lililopangiwa kuingia Gredi ya 10 kuanzia Januari 2026, na njia tatu za kuchagua: Sayansi na Teknolojia, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Kwa hivyo kuna miaka ambapo kwenye boma moja, mwalimu mmoja anatoka kipindi cha mtaala wa zamani anaingia kipindi cha mtaala mpya. Hakuna aliye mtaalamu wa kitu ambacho ndiyo kinaanza. Kama kuna wakati ambapo mwalimu angefaidika kuuliza "hii inaingia kweli?" ni sasa. Na mtaala wenyewe unasema mwanafunzi ndiye kitovu. Kitovu gani hicho ambacho hakiulizwi kitu?

Sababu ya pili ni yetu sisi kizazi hiki. Juni 2024 tulikaa na Mswada wa Fedha tukausoma kifungu kwa kifungu. Watu waliutafsiri, wakaueleza kwenye TikTok, wakaufikisha hadi kijijini. Tulidai umma ushirikishwe, kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 10, imeuweka miongoni mwa maadili ya taifa. Tuliposema wabunge hawatusikilizi, tulikuwa tunasema ukweli.

Lakini jiulize mahali ambapo Mkenya anajifunza kwanza kwamba maoni yake ni mapambo. Ni darasani, akiwa na miaka 14, akiitikia "ndiyooo" kwa kitu ambacho hakukielewa. Na ni hapo pia ambapo mtu mwenye mamlaka anajifunza kwamba anaweza kuongea dakika 40 bila kuuliza. Ukitaka mbunge anayesikiliza mwaka wa 2045, anza na mwalimu anayeuliza muhula huu. Na ukitaka raia anayejua kukosoa kazi ya mtu bila kumtukana mamake, mpe mazoezi mapema.

Haihitaji bajeti. Haihitaji waraka kutoka Nairobi wala kikao cha kaunti. Inahitaji mwalimu mmoja, iwe Mwala, Kathiani, Kangundo, Masinga au hapa mjini, darasa moja analoliamini, na karatasi zilizokatwa nusu. Kama wewe ni katibu wa darasa, mwendee yule mwalimu mmoja ambaye unajua atakusikia. Usianze na yule mgumu. Anza na yule mzuri, kwa sababu wazuri ndio huuliza kwanza, na wagumu huanza kuuliza wakiona wenzao hawajafa.

Sasa zamu yenu. Kama ungeulizwa kitu kimoja tu kuhusu kipindi kimoja ulipokuwa Kidato cha 2, kitu ambacho kingerekebishwa kwa siku moja na kikabadilisha alama zako, ungesema nini? Andika hapo chini. Jina la mwalimu na la shule uyaache nyumbani.